Siri Iliyoombewa Gakindu

Kila mwaka, darasa jipya linapoingia katika chuo ninachofundisha mjini Nyeri, huwauliza wanafunzi swali lile lile: kwa nini mmechagua kazi ya ustawi wa jamii? Nao hunipa jibu lile lile. Wanapenda watu. Wana huruma. Mama zao waliwaambia tangu utotoni kwamba wana roho nzuri. Mwaka jana msichana mmoja wa dawati la mbele, sweta imefungwa vifungo vyote, alisema hawezi kupita penye mtu anayelia bila kusimama. Nilimwambia ajifunze kupita. Darasa likacheka, wakadhani mwalimu anatania.

Sikuwa natania. Siwapendi watu wenye roho nzuri. Nimefanya kazi nao miaka mingi, kuanzia Mweiga hadi Nanyuki, na kama ningeachiwa kuchagua nani akabidhiwe mtu aliyeumizwa, ningemchagua mkali asiyempenda yeyote lakini anayejua kufunga mdomo. Somo letu la kwanza ni maadili ya kazi: utu wa mtu, haki ya kujiamulia mambo yake, kutunza siri, kutomhukumu. Wanafunzi huyakariri kama watoto wa kipaimara, na huyaandika kwenye mtihani bila kukosea. Wanadhani yamewekwa ili kuwazuia wafanyakazi wabaya. Wabaya hawasomi maadili. Haya yamewekwa kwa ajili ya watu wema, wale wanaoingia kwa mtu bila kubisha hodi kwa sababu wamebeba unga. Huwaambia hivyo, nao huandika kwenye daftari, kisha huniuliza kama itatoka kwenye mtihani.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wale niliofanya nao kazi walitenda wema, halafu hawakwenda zao. Walibaki, wakataka kuona wema wao unaliwaje.

Mwanamke ninayemfikiria nikisema hivi alitoka upande wa Gakindu, kule Mukurweini kwenye kahawa. Wakati huo nilikuwa na shirika dogo lililopanga vyumba juu ya duka la mbolea mjini Nyeri. Alikuja siku ya mvua ile nyembamba ya Julai, mkono mmoja kwenye plasta, binti yake mdogo ameshika sketi yake. Shuleni tulifundishwa kumwita mtu kama huyo mteja, neno ambalo nchini kwetu ni la simu iliyozimwa, mteja hapatikani, kwa hiyo mimi nitamwita yule mama, ingawa kwa umri ningeweza kuwa dada yake mkubwa.

Alikataa kuketi. Nilimletea chai, akampa mtoto. Nikaanza kumweleza tunavyoweza kumpeleka polisi na hospitali, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniambia huko kote ameshafika. Mkono ulikuwa umevunjwa na mumewe. Kabla ya mkono ulikuwa ni ubavu. Na kila alipokimbilia kwao, mambo yalikwenda vivyo hivyo: baada ya siku chache mumewe alifika kwa baba mkwe wake akiwa na koti la Jumapili, mama yake pembeni na mzee wa kanisa nyuma, pamoja na kiondo kilichojaa sukari, mkate na majani ya chai. Wageni waliketishwa, chai ikapikwa kwa yale majani waliyoyaleta wenyewe, msamaha ukaombwa, maombi yakafanywa, na jioni yeye akarudishwa. Baba yake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hawezi kuwafukuza wageni waliokuja na kiondo. Hapa kwetu wachache wanaweza.

"Sitaki kusaidiwa na mambo mingi, madam," aliniambia. "Nataka tu mahali hajui."

Hilo tu ndilo aliloomba. Tangu nianze kazi hii sijawahi kusikia mtu akieleza haja yake vizuri kuliko hivyo. Hakutaka mtaji wa kuku wala semina wala kikao. Alitaka kuishi na mtoto wake mahali ambapo mtu mmoja hapajui, na aishi.

Nilimpata mahali. Rafiki yangu tuliyesoma naye alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja ya Nanyuki, na Nanyuki ni mji mzuri wa kujificha. Kila mtu pale ametoka kwingine: wanajeshi wa kigeni, wafanyakazi wa mashamba makubwa ya mifugo, wauza vitambaa, watalii walioungua pua. Hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani. Plasta ilipotolewa akaanza kazi. Alipanga chumba nyuma ya soko, mtoto akaingia shule ya karibu. Nilikwenda kumwona mara moja, nikamkuta amenenepa kidogo mashavuni, akanionyesha jinsi ya kukunja shuka kubwa bila kusaidiwa na mtu wa pili. Nilifurahi. Sifurahi ovyo kazini, lakini siku ile nilirudi nyumbani nikiimba, jirani yangu akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Sasa nieleze habari ya ofisi. Mkubwa wetu alikuwa mwanamume mpole, mzee wa kanisa kwao, asiyepaza sauti hata siku moja, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kumbishia isipokuwa mimi. Kanuni ya kazi ilitaka mkubwa ajue kila mtu tuliyemhamisha amepelekwa wapi, na hiyo ni kanuni nzuri, kwa hiyo nilimwambia. Kanuni haikusema kwamba naye awaambie wengine. Lakini tulikuwa na kamati ya watu wa kujitolea, wazee na akina mama kutoka kila upande, waliokuja mara kwa mara tukapitia kesi pamoja. Mashirika yote ya huku yana kamati kama hiyo. Wageni wanaoleta fedha huipenda sana, husema ni jamii yenyewe.

Aliyewakilisha Gakindu alikuwa mke wa mwalimu mstaafu, kitambaa cheupe kichwani kilichopigwa pasi mpaka kikasimama chenyewe. Alikuja na nduma zilizochemshwa na chupa ya chai, akamgawia kila mtu, hata mimi, na nduma zake zilikuwa tamu, jambo lililozidi kuniudhi. Alijua nani ameachika, nani amefukuzwa kazi Nairobi akarudi kimyakimya, mtoto wa nani amefanana na nani. Kwa mkubwa wangu ujuzi huo ulikuwa hazina. Mimi nilimtazama kama ninavyotazama mtungi wenye ufa, nikawa nasubiri maji yaanze kutoka.

Siku moja kwenye kikao mkubwa akasema, kwa sauti yake ile ya pole, kwamba yule binti wa Gakindu yuko salama Nanyuki, anafua katika hoteli, tumshukuru Mungu. Nilikohoa. Akadhani ni baridi, akaniambia nifunge dirisha. Walipoondoka nilimfuata ofisini kwake nikamuuliza kwa nini amesema. Akanijibu kwamba wanakamati wote waliinua mkono wakaapa kutunza siri, na kwamba ni watu wa Mungu. Nilimwambia siri ya mtu ni mali yake kama ng'ombe wake. Huwezi kumkopesha jirani ng'ombe asiye wako kwa sababu jirani ni Mkristo. Akatabasamu, akaniambia nina tabia ya kumwona kila mtu mwizi, na kwamba huenda nahitaji likizo.

Kikao kilichofuata, mke wa mwalimu alisimama kutoa taarifa ya upande wake. Alikuwa na furaha. Nakumbuka furaha hiyo vizuri kuliko ninavyokumbuka harusi yangu.

"Huyu msichana wetu wa Nanyuki, sisi hatujamwacha," alisema. "Alhamisi kwa ushirika wa akina mama tulimweka kwa maombi. Tukamwambia Mungu aende yeye mwenyewe huko kwa hiyo hoteli anafua mashuka, amlainishe roho arudi kwa bwana yake. Tuliomba mpaka watu wakalia."

Chumba kikaitikia amina. Nikamuuliza nani alikuwepo. Swali lilimshangaza. Akina mama wote wa kanisa, alisema. Nikamuuliza kama mama wa yule mwanamume alikuwepo pia.

"Si huyo ni wetu?" akasema. "Huyo ndiye alilia kushinda wote."

Nimefikiri sana juu ya mwanamke huyu, kwa hasira kwanza, halafu kwa hasira iliyotulia. Hakuwa mmbea wa kawaida. Kama ungemkuta njiani ukamuuliza yule binti yuko wapi, angekunja uso akuambie kwamba ameapa, na usingempata kwa sukari wala kwa vitisho. Naamini hivyo hata leo. Lakini kwake yeye, kumwambia Mungu mbele ya kanisa zima si kuwaambia watu. Mungu ndiye aliyeambiwa; wengine walikuwa wamefumba macho tu. Wapo wengi kama yeye kwenye miinuko yetu. Sijakuta kitabu cha somo letu kinachowataja, maana waandishi wa vitabu hivyo, nadhani, hawajawahi kuhudhuria ushirika wa akina mama Mukurweini.

Nilitoka nje nikampigia yule mama. Simu ilikuwa imezimwa. Nikampigia rafiki yangu wa hotelini, akanijibu kwa ukali kabla sijamaliza salamu: walikuja jana, akasema, na kama ningekuwa na haya ningekuja kuona.

Nilifika Nanyuki mchana huo huo. Rafiki yangu alinipeleka uani, kwenye kamba za kuanikia, akanionyesha kila kitu kama mtu anayeonyesha mahali ajali ilipotokea. Askari wa geti katika hoteli ile huwazuia vijana waliolewa, wauza bangi na wanawake wanaofuata wanajeshi. Wale hawakuwa wowote kati ya hao. Walikuwa mwanamume aliyevaa koti la Jumapili, mama yake na mzee wa kanisa, na kiondo kilichojaa shopping ya nyumbani. Askari aliwapigia saluti. Meneja aliwakaribisha, akawaagizia soda, akamtuma mtu akamwite yule mama kwamba ana wageni kutoka nyumbani.

Yeye alikuwa ameshatoka na beseni la nguo. Aliwaona kupitia katikati ya mashuka, wameketi kwenye benchi, mzee wa kanisa kofia mapajani. Rafiki yangu alisema hakulia wala kukimbia. Aliweka beseni chini taratibu lisitoe sauti, akavua aproni akaining'iniza msumarini pake, akapita mlango wa jikoni. Alikwenda moja kwa moja shuleni akamtoa mtoto darasani. Wageni walipomaliza soda na kuanza kuuliza mbona anachelewa, hakuwepo tena Nanyuki.

Tulikwenda kwenye chumba chake. Godoro lilikuwepo, na jiko, na sare ya mtoto yenye unyevu bado kambani. Mwenye nyumba alikuwa tayari anamwonyesha chumba mpangaji mwingine.

Rafiki yangu alikuwa na jambo moja zaidi. Yule mwanamume, akiwa anaondoka, alimpa mkono akamwachia ujumbe: akirudi, mwambie nimemsamehe. Ati amemsamehe. Nilisimama pale nikatukana. Nilitukana kwa Kikuyu, kwa sababu matusi yangu ya Kiswahili ni ya shuleni na hayatoshi kitu. Rafiki yangu aliniacha nimalize, halafu akaniambia nisimletee mtu mwingine, na tangu siku hiyo salamu zetu ni za Krismasi tu.

Asubuhi iliyofuata nilimtaka mkubwa amwite mke wa mwalimu. Alikuja na nduma. Nilimwambia alichofanya, neno kwa neno, bila kulainisha. Alinisikiliza mikono mapajani.

"Sasa kuomba imekuwa makosa?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba mbele ya mama mkwe wa yule binti, ndiyo. Akasema sijui Mungu hufanya kazi namna gani, kwamba bila maombi yale yule bwana asingeenda kuomba msamaha, na kwamba mtoto wa watu sasa anatangatanga kwa sababu ya watu kama mimi wanaofundisha wanawake kukaa mbali na nyumba zao. Alikuwa analia machozi ya kweli. Nilimchukia. Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa analia, na kwa sababu mkubwa alimsogezea kitambaa chake, na mimi, niliyekuwa sijalala, nikaonekana ndiye katili mle ndani.

Alipoondoka, mkubwa alifunga mlango akaniambia jambo lililokuwa moyoni mwake. Familia ile iko tayari kwa maridhiano. Mume amejishusha. Kilichobaki ni kumpata mke, na yule mama ananiamini mimi. Nimtafute, nimwambie kuna kikao, shirika litalipia chakula. Aliniambia kwamba kazi yetu ni kuunganisha, si kutenganisha. Nikamuuliza kazi yetu ni ipi hasa, ya huyu mtu aliyekuja amevunjwa mkono akatuambia anachotaka, au ya wale wanaotaka tumtakie kingine? Akasema nasoma sana vitabu. Nikamwambia sitamtafuta, na kama anataka kunifukuza anifukuze leo, nina shamba la viazi kwetu Mweiga na viazi havifanyi vikao. Hakunifukuza. Aliniambia ataniombea. Nikamsihi asifanye hivyo kwa sauti.

Nilibaki kwenye shirika lile, maana mshahara ni mshahara, lakini nilikuwa mtu mchungu. Sikula tena nduma. Kwenye vikao nilitaja kesi zangu kwa maneno yasiyosema kitu, mpaka wanakamati wakalalamika kwamba nawaficha. Niliwaambia ndiyo, nawaficha. Na kila simu yangu ilipoita nilidhani ni habari mbaya: kwamba amepatikana, kwamba amerudishwa, kwamba safari hii haikuwa mkono. Nilikuwa nikipita kwenye wodi ya majeruhi mjini kwa kisingizio cha kesi nyingine, nikitazama vitandani.

Alinipigia siku ya soko. Nilikuwa Mweiga, nimesimama mbele ya magunia ya viazi nikibishana na mchuuzi, na namba ilikuwa ngeni.

"Madam, ni mimi."

Nilijitenga na watu. Nikamuuliza kama yu mzima, akasema mzima. Mtoto? Mzima pia, ameota meno mapya. Sauti yake haikuwa na haraka. Nikaanza kumweleza kilichotokea, ofisi, kamati, ushirika, akanikatiza akasema anajua yote, mambo ya Gakindu humfikia mtu hata akiwa kaburini. Basi nikamwambia kwamba naweza kumtafutia mahali pengine, salama, na kwamba safari hii sitamwambia yeyote, hata mkubwa, kanuni au bila kanuni. Nilisema hivyo kwa kusihi. Nilitaka sana akubali.



"Wewe si mbaya, madam," alisema. "Lakini wewe uko na watu, na hao watu wanaomba. Usinitafute."

Iliniuma, na sitajifanya haikuniuma. Nilikuwa nimempigania nikapoteza rafiki na usingizi, na sasa nilikuwa nawekwa kapu moja na mke wa mwalimu. Nikafungua mdomo nijitetee, nikaona hakuna cha kutetea. Alikuwa ameamua, na ameamua sawasawa. Nikamwambia ni vizuri, sitamtafuta.

Alikuwa bado kwenye simu, akimwambia mtoto jambo fulani, nikasikia nyuma yake kelele za stendi ya magari. Makanga akaanza kuita jina la mji, akilivuta ile silabi ya kwanza. Niliitoa simu sikioni kabla hajalimaliza, nikaibana ndani ya koti, nikasimama hivyo nikitazama viazi mpaka mchuuzi akaniuliza kama naumwa. Nilipoirudisha sikioni alikuwa amekata.

Jumatatu mkubwa aliniuliza kama nimepata habari zozote za yule binti. Nilimwambia ni mzima. Akaniuliza yuko wapi, nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli.